Mgongo Haujambo

Mama Pasi alikuwa mtu wa kuwahi. Kliniki ya mifupa huita wagonjwa saa tatu asubuhi, lakini saa moja na nusu yeye alikuwa ameshaketi kwenye kile kiti kilicho jirani kabisa na mlango wa daktari, mkoba mapajani, mtandio umetulia begani, utadhani alizaliwa pale. Wauguzi walimsifu. Walisema laiti wagonjwa wote wangekuwa kama huyu mama. Hawakujua kwamba anawahi ili asionekane akitembea.

Kutoka getini hadi mlango ule ni hatua mia mbili na ushee, na katika hatua hizo alikuwa akipumzika mara nne. Alipumzika kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi, kisha penye bomba la kunawia, kisha chini ya ngazi, ambapo hujifanya anatafuta miwani mkobani, na mwisho dirishani kwa wauza dawa, akisoma tangazo la chanjo ya watoto ilhali wajukuu wenyewe hana. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Mama Pasi ilikuwa fupi kwa sababu ya uongo na kwa sababu ya mgongo pia.

Walimwita Mama Pasi kwa ajili ya kazi. Miaka thelathini alikuwa dobi, yeye na mdogo wake, kwenye chumba kimoja kirefu chenye meza mbili za kupigia pasi, karo tatu za kufulia na kamba zilizojaa mashuka ya nyumba za wageni. Mdogo wake walimwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na jina likamganda mpaka akaota mvi nalo. Walikuwa wawili tu duniani. Kitinda alikuwa na mume, kweli, fundi rangi asiye na maneno, lakini mwanamume huyo alishazoea kwamba akimtafuta mkewe atampata kwa dada yake.

Miaka miwili nyuma, Mama Pasi alikuwa hawezi kusimama mezani hata kwa mashati mawili. Miguu ilikuwa ikiwaka moto kuanzia makalioni hadi vidoleni, kisha inakufa ganzi, na nafuu aliipata akiinama tu au akikaa. Daktari alimwonyesha picha. Pingili moja ya kiunoni ilikuwa imeteleza mbele ya mwenzake. Hakuanguka popote wala hakugongwa na chochote. Ni umri na kusimama tu. Pingili ile ilikuwa inabana mishipa iendayo miguuni. Alipasuliwa kwa muda wa saa nne na nusu. Walipanua njia ya mishipa, wakaifunga pingili kwa vyuma viwili na skrubu nne.

Alipozinduka, ule moto wa miguuni haukuwepo. Alilia kwa furaha, akaukamata mkono wa daktari akaubusu, na daktari, kijana mwenye vidole vyembamba ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, akaona haya.

Miezi mitatu Kitinda alimwogesha. Alimgeuza kitandani kama gogo, jinsi walivyoelekezwa, bila kumpinda. Alimchana nywele. Kisha anakimbia kazini, anafua peke yake, anapiga pasi meza zote mbili, na jioni anarudi kumwogesha tena. Hakuwahi kuguna. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, watu husema, lakini Kitinda aliubeba ule kama wake.

Mwezi wa saba tangu apasuliwe maumivu yakarudi. Safari hii yalianza juu kidogo ya kovu, yakashuka pajani, na miguu ikaanza tena ule mchezo wake. Na Mama Pasi, mwanamke aliyeweza kumfokea mwenye nyumba ya wageni kwa kuficha shuka lenye damu, akashindwa kutamka neno moja.

Angemwambia nani? Daktari, ambaye yeye mwenyewe alimbusu mkono? Ni sawa na mtu kakupikia kutwa nzima, ukala ukamsifu, kisha kesho ukamrudia kumwambia chumvi ilizidi. Au amwambie Kitinda, aliyemtawaza kama mtoto? Mama yao aliwafunza mapema: ukiulizwa hujambo, jibu sijambo, shida zako si zawadi ya kumpa anayekujulia hali. Mama mwenyewe alizeeka amepinda hadi akawa anaongea na vidole vyake vya miguu, na mpaka anazikwa hajambo.

Basi ikawa kila kliniki ni mchezo uleule. Kulikuwa na fomu yenye maswali kumi. Unaweza kusimama kwa muda gani? Unaweza kutembea umbali gani kabla ya kulazimika kukaa? Usingizi unapata? Na la mwisho ni la namba: maumivu yako, kutoka sifuri hadi kumi, ni ngapi? Aliyejaza ile fomu alikuwa Sista mmoja mnene, mcheshi, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote haziandiki. Hakuwa na roho ya kumrukia mtu mzima na maswali kama polisi. Alianza kiungwana.

"Shikamoo, mama. Mgongo haujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Haujambo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ukishajibu haujambo, utaanzaje tena kusema saba? Umekaribishwa chakula, umesema nimeshiba, ndipo uombe sahani? Sista akiuliza kusimama, anajibiwa bila shida. Kutembea? Popote. Namba?

"Sifuri, mwanangu. Mungu ni mwema."

Sista anaandika, anasaga kalamu kwenye kiganja, anaandika tena. Daktari anaingia, anapapasa kovu, anasifu, kisha anageuka kunawa mikono kwenye sinki la pembeni. Sekunde zile za kunawa ndizo Mama Pasi alizozisubiri. Anakamata mikono ya kiti kwa nguvu zake zote, anajisukuma, anauma meno, na daktari akigeuka na taulo anamkuta mama kasimama wima anatabasamu. Mchezo huo aliucheza mara tano. Mara ya sita waliuliza kwa simu, akiwa dukani kwao, mbele ya Kitinda na wateja wawili, na alijibu kwa sauti ili wote wasikie.

Dukani nako alikuwa na ufundi wake. Nyuma ya pazia la mashuka yaliyoanikwa aliweka stuli ndefu. Kitinda akitoka kupeleka mzigo, Mama Pasi anaivuta, anapiga pasi akiwa amekaa. Akisikia magurudumu ya kitoroli yanarudi, anainuka, anaisukuma stuli kwa mguu, na jasho linalomtoka anasingizia mvuke wa pasi.

Hivyo ndivyo siku moja alivyosikia kitoroli kabla ya kukiona. Kilikuwa kinakuja polepole mno. Alichungulia mlangoni akamwona Kitinda amekilalia, kifua juu ya mpini, anasukuma kwa kuinama, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mama yao.

"Miguu, Dada," Kitinda alisema, na akacheka. "Sasa zamu yangu."

Mama Pasi aliingia ndani akajifungia chooni. Alijua nani aliyefanya kazi ya meza mbili kwa miezi mitatu.

Picha ya Kitinda ilitoka kama pacha wa ile ya dada yake. Pingili ileile, imeteleza vilevile. Daktari hakuwa mtu wa kuchuuza kisu chake. Hilo lazima lisemwe. Alimketisha Kitinda akawaeleza taratibu.

"Si lazima tupasue leo wala kesho," alisema. "Tunaweza kuanza na mazoezi na dawa, tuone miezi mitatu. Upasuaji huwasaidia wengi, lakini si wote. Miguu hupata nafuu zaidi kuliko mgongo. Wapo wanaorudi vizuri kazini, na wapo ambao baada ya muda maumivu huwarudia. Siwezi kukuapia."

"Dada yangu alipata ngapi kwenye ile fomu?" Kitinda aliuliza.

"Faili la mtu sisomi mbele ya mtu," daktari alisema, akatabasamu. "Lakini mwenyewe si huyo hapo? Muulize."

Wote wawili wakamgeukia. Mama Pasi alikuwa amesimama, kwa sababu chumba kile kina kiti kimoja tu cha mgonjwa na siku hiyo hakikuwa chake. Paja la kushoto lilikuwa linamchoma. Aliona uso wa mdogo wake, ule uso uliokuwa ukimwinamia na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, unasubiri neno lake tu. Mtu mwingine angesema. Mtu mwingine angevuta pumzi akasema, mdogo wangu, ngoja kwanza.

"Mimi sijambo," alisema Mama Pasi.

"Basi mazoezi ya nini?" Kitinda alimwambia daktari. "Nipasue."

Walipewa siku kumi na mbili za kusubiri upasuaji. Ukitaka kusema ukweli, siku kumi na mbili zinatosha na kubaki. Siku ya kwanza Mama Pasi alisema atamwambia kesho. Siku ya nne alianza, "We Kitinda, unajua ule mgongo wangu," na Kitinda akadakia, "Ndiyo maana siogopi! Nakuona wewe hapo umesimama kama nguzo." Siku ya nane alikwenda hadi kwa shemeji yake, akamkuta juu ya ngazi anapaka dari, na fundi rangi akamwambia tangu Kitinda apangiwe siku analala usingizi mzuri, anasema atakuwa kama dada. Mama Pasi alimuaga akarudi zake. Mtu anaweza kuwa mwoga kwa sababu ya mapenzi, na uoga huo ndio mbaya kuliko wote, maana unajiona ni wema.

Alisema asubuhi ya siku yenyewe. Wodini, saa mbili kasoro, Kitinda ameshavalishwa lile gauni la kufunga nyuma, hereni amezivua kamkabidhi yeye azishike.

"Kitinda, mimi sijapona."

"Sijakusikia."

"Sijapona. Nilipona miezi sita tu, kisha yakarudi. Nina stuli nyuma ya mashuka. Nawadanganya wote. Kataa kwanza, mdogo wangu. Jaribu yale mazoezi."

Kitinda alianza kwa kucheka, akidhani anataniwa. Kisha uso ukabadilika, na Mama Pasi aliona jambo ambalo hakulitarajia kabisa: mdogo wake alikuwa anamhesabia.

"Miaka miwili hujambo," Kitinda alisema polepole. "Miaka miwili. Leo ni zamu yangu ya kulala na yako ya kuniogesha, ndiyo unaumwa?"

"Wallahi siyo hivyo."

"Meza mbili peke yako umeziona ndefu, Dada. Sema tu."

Mama Pasi alifanya ambalo hajawahi kulifanya. Alipandisha sauti wodini, akamwita daktari. Daktari alikuja amevaa kofia ya kazi tayari, akasikiliza, akatuma faili la zamani liletwe. Alilifungua kwenye kitanda. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mwandiko wa Sista, umekolezwa mara mbili pale kalamu ilipokataa.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, bora hata ingekuwa. "Ungeniambia mwezi ule wa saba ningepiga picha nyingine. Ukifunga pingili ya chini, wakati mwingine ya juu yake huelemewa. Hilo tunalijua, tunalitafuta. Lakini tunalitafuta kwa mtu aliyesema anaumwa." Alilifunga faili, akabaki amelishika. "Nina wagonjwa arobaini na mmoja kwenye daftari la upasuaji huu. Nimekuwa nikijisifu nao."

Kisha akamgeukia Kitinda, akamwambia kwamba mgongo wa dada si mgongo wake, kwamba wake unaweza kwenda vizuri kabisa au usiende, na kwamba kuahirisha si aibu. Anaweza kurudi nyumbani sasa hivi akafikiri.

"Namwamini aliyejibu fomu mara sita," Kitinda alisema. "Huyu wa leo simjui. Nipelekeni."

Wakampeleka. Mama Pasi alibaki na hereni mkononi.

Upasuaji ulikwenda sawa, vyuma vilikaa mahali pake, damu haikupotea nyingi. Mama Pasi alimwogesha mdogo wake miezi ile, akamgeuza kama gogo, akamchana nywele, na kila alipoinama aliuma mdomo. Lakini stuli aliitoa nyuma ya mashuka akaiweka mbele, peupe, akawa anapiga pasi amekaa, na mteja akiuliza anamjibu, "Naumwa mgongo." Neno lenyewe lilikuwa jepesi kumbe! Picha yake mpya ilionyesha pingili ya juu imeanza kuteleza, akapewa mazoezi na dawa na tarehe ya kurudi. Alimweleza Kitinda. Kitinda aligeuza uso ukutani, na hakuuliza tarehe ni ipi.

Walikuwa wanaongea, usidhani. Maji yamechemka? Yamechemka. Geuka kulia. Asante. Ila ile "Dada" ya zamani, ya kuvutwa mwishoni kama ya mtoto anayeomba kitu, haikusikika tena.

Wiki ya kumi Kitinda alirudi mezani. Alisimama wima, akashika pasi, akakataa stuli kwa mkono. "Mimi sijambo," alisema. Mama Pasi alitaka kuamini, na kwa siku tatu aliamini. Siku ya nne alipeleka mzigo wa jirani, akarudi mapema kuliko kawaida, bila kitoroli. Kitinda alikuwa amesimama mezani, paji la uso linameremeta.

"Mvuke wa leo!" Kitinda alisema.

Stuli ilikuwa pembeni, nusu ya hatua kutoka pale Mama Pasi alipoiacha. Aliweka kiganja juu ya stuli. Ilikuwa na joto. Akachukua shuka akalikunja.

Siku ya kliniki ya miezi mitatu, Kitinda alimgongea dada yake saa kumi na mbili asubuhi, amevaa, mkoba begani.

"Si wanaita saa tatu?" Mama Pasi aliuliza.

"Napenda kuwahi."

Wakaenda. Kwenye kibanda cha mlinzi Kitinda alisimama kuangalia saa yake. Penye bomba alisimama kufunga kiatu kisicho na kamba. Chini ya ngazi alitafuta kitu mkobani. Mama Pasi alisimama naye kila mahali, kwa sababu na yeye alikuwa anahitaji kusimama. Kwenye dirisha la dawa wote wawili walisoma tangazo la chanjo ya watoto hadi mwisho.

Ile siku ya wodini daktari aliapa kwamba kuanzia sasa atamtembeza kila mgonjwa koridoni kabla ya kumuuliza lolote. Alikuwa mkweli aliposema. Lakini kliniki ina watu themanini na korido moja, na kiapo kikaisha kama kipande cha sabuni. Kitinda aliitwa wa kwanza, akaingia, akakaa kabla daktari hajainua macho. Mama Pasi alisimama nyuma ya kiti.

"Shikamoo, mama," Sista alisema, fomu magotini. "Mgongo haujambo?"

"Marahaba. Haujambo."

Kusimama? Bila shida. Kutembea? Popote. Usingizi? Kama mtoto.

"Namba?"

"Sifuri."

"Kitinda," Mama Pasi alisema.

Mdogo wake hakugeuka. "Nini, Dada? Mimi sijambo. Nani aliyenifundisha kujibu?"

Sista alikwishaandika. Kalamu ilikataa, akaisaga kiganjani, akakoleza. Daktari alipapasa kovu, akasema limefunga vizuri, safi sana, akasogea kwenye sinki, akafungua bomba akawapa mgongo. Mama Pasi aliona mikono ya Kitinda ikishika mikono ya kiti. Aliona vifundo vya vidole vikiwa vyeupe. Alijua zimebaki sekunde ngapi; alizihesabu mara tano maishani mwake. Alijua pia kwamba akinyamaza, leo jioni huenda mdogo wake atamwita Dada kwa ile sauti ya zamani, kwa sababu watakuwa wamelingana.

"Daktari," alisema. "Acha kunawa. Geuka umwangalie."

Daktari aligeuka, maji yakimchuruzika viwikoni. Kitinda alikuwa amefika katikati, hajasimama wala hajakaa, ameinama juu ya magoti yake mwenyewe, mdomo wazi. Alijaribu kutabasamu. Kisha akadondoka tena kitini.

Bomba lilikuwa bado linatiririka.

"Ngapi, mama?" Sista aliuliza taratibu.

Kitinda hakumtazama Sista wala daktari. Alimtazama dada yake, na katika macho yale hapakuwa na shukrani hata chembe.

"Saba," alisema. "Andika saba. Sasa umeridhika?"

Akaanza kulia. Mama Pasi alinyoosha mkono kumshika bega, na bega likakwepa. Daktari alifunga bomba, akavuta faili, akaanza kuandika maombi ya picha mpya. Sista alikuwa akiifuta ile sifuri kwa kidole na mate. Mama Pasi alibaki wima nyuma ya mdogo wake, kiuno kikimuwaka, paja limeanza kufa ganzi, maana kiti mle chumbani kilikuwa kimoja.